Nani Aliunda Bunduki ya Babu: Kutoka Muheza hadi Jeppestown

Mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake: sokoni, msibani, kwenye simu, na mwalimu mwenzangu mmoja akaniuliza tukiwa tunasimamia mtihani, mpaka wanafunzi wakaacha kuandika wakatega masikio. Kila mara naanza, nafika mpakani, mtu anaitwa, habari inakatika. Basi kaeni, niwaeleze yote mara moja. Ya tiketi na pasi za kusafiria nayaruka.

Kwa asiyejua chanzo chake: babu yangu, Mzee Salehe, alikwenda Johannesburg kijana, akafanya kazi huko miaka mingi, akarudi Muheza. Baada ya kurudi kwake, pale nyumbani ikaonekana bunduki ya marisau, ile ya kupigia kwale na njiwa pori, yenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Juu, katikati ya mitutu, kumechorwa kwa mkono mzuri sana: Hadlow & Creese, Johannesburg. Waliojua kusoma wakasoma, wakakata shauri. Jina la Mzungu, basi mali ya Mzungu. Salehe kamwibia bwana wake akakimbia.

Babu hakuwajibu. Alifariki, bunduki ikapelekwa kituo cha polisi kuhifadhiwa, maneno yakabaki mitaani. Aliyeyabeba zaidi ni Shangazi Mwanaidi, bintiye wa kwanza. Posa yake ya kwanza ilivunjwa kwa sababu hiyo, na mpaka leo anaweza kukutajia rangi ya kilemba alichovaa mshenga aliyekuja kuivunja.

Mwaka huu watu wa makumbusho walikuja kuiomba bunduki waiweke kwenye kabati la vioo, na kikaratasi chini yake cha kueleza ilikuwa ya nani. Shangazi akakataa kutia dole gumba.

"Siweki jina la baba yangu chini ya kitu cha wizi, watoto wa shule wapite wakisoma," alisema. Kisha akanigeukia. "Zuhura, wewe ndiye mwalimu. Kama aliiba, uniambie, wakaiyeyushe. Kama hakuiba, uniambie nikiwa bado nasikia."

Mimi nafundisha fizikia. Kitu nisichokijua kinaniwasha mwilini kama upupu. Likizo ilipofika, nikafunga mkoba wa kwenda Johannesburg.

Muheza hadi Tunduma

Bunduki yenyewe huwezi kupanda nayo basi, hilo lieleweke. Nilichobeba ni picha. Afande Mbwana, anayetunza ghala la silaha pale kituoni, aliniruhusu kuipiga picha kila upande, naye mwenyewe akaitenganisha mbele yangu.

Bunduki hizi zina sehemu kubwa tatu. Kuna mitutu, ambayo ni mabomba. Kuna mtambo, yaani kile kipande cha chuma katikati chenye vifyatulio, ambacho mitutu hujikunja juu yake kama kisu cha kukunja. Na kuna kitako cha mti, unachoweka begani. Mitutu ilipotolewa nikaona kwamba chini yake, mahali pasipoonekana ikiwa imefungwa, kuna alama ndogo ndogo nyingi zimegongwa kwenye chuma: taji, herufi, kitu kama mnara. Niliweka karatasi juu yake nikasugua penseli, kama tulivyokuwa tukinakili sarafu utotoni, na alama zikajitokeza. Alama za mtambo nazo nikazinakili kwenye karatasi ya pili.

"Unaona, Mwalimu?" Afande akasema. "Miaka yote naifuta vumbi, kumbe ina maandishi kwapani."

Nikaondoka Dar na karatasi zile zimekunjwa ndani ya khanga. Safari ya kusini mnaijua mpaka Mbeya: joto, kisha baridi inayokufanya uvae nguo zote ulizobeba. Aliyekaa kando yangu alikuwa Mama Béa, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Lubumbashi, anakwenda kumwona binti yake aliyejifungua. Alinichunguza mpaka Iringa ndipo akauliza.

"Mama, na wewe unafwata nini kule Joni? Bwana?"

"Hapana. Namtafuta aliyetengeneza bunduki ya babu yangu."

Akanipa ndizi. "Vraiment," akasema mwishowe, "batu beko na kazi." Kweli, watu wana kazi, alimaanisha.

Tunduma tulikula wali na maharage tumesimama, malori yakitupita karibu hata mchuzi ukawa unatikisika kwenye sahani.

Kabla ya Lusaka, tulipolala porini

Basi lilikufa mbele ya Mpika. Dereva akasema ni kitu kidogo. Akatoa kitu kidogo, kikafuatiwa na vingine vikubwa, vikapangwa juu ya gunia mpaka ikawa wazi kwamba tutalala hapo.

Nawaambia ukweli, nilifurahi. Watu waliokuwa wamenuniana tangu Dar waligeuka familia. Wanawake wa kijiji cha jirani walituletea nshima, ugali wa kwao, na kapenta, visamaki vidogo kama dagaa wetu, vimekaangwa kwa nyanya. Mama Béa akavionja kwa shaka, kisha akaomba sahani ya pili akisema anataka kuhakikisha kama shaka yake ilikuwa ya kweli.

Palipo na watu waliokwama, mwalimu hawezi kunyamaza. Nilianza kumweleza Mama Béa jinsi bunduki inavyokunjwa, nikitumia chupa mbili za maji na kandambili, na nikashtuka kuona nusu ya abiria wametuzunguka. Kila mtu akawa na nadharia. Mmoja akasema Hadlow ni jina la kijiji. Mwingine akasema Creese lazima alikuwa mke. Ndipo dereva, mikono myeusi kwa grisi, akaniuliza kutoka chini ya basi:

"Mwalimu, na ukifika huko ukaambiwa mzee aliiba? Utarudi na basi hili hili ukamwambie shangazi yako?"

Wote wakaniangalia. Mpaka pale nilikuwa nimefikiria jinsi ya kutafuta tu, sikuwa nimefikiria kupata.

"Nitamwambia," nikasema. "Ndivyo alivyonituma."

"Njo vile," akasema Mama Béa, akanifunika kitenge mabegani.

Mpakani Beitbridge

Kutoka Lusaka hadi Harare sina la kuwasimulia ila mahindi ya kuchoma na usingizi. Beitbridge ndiyo habari.

Ofisa wa kike wa upande wa Afrika Kusini alifungua mkoba wangu, akakunjua khanga, akakutana na picha za bunduki kumi na kitu, zote zimepigwa kwa karibu.

"Iko wapi?" akauliza kwa Kiingereza.

"Polisi."

Uso wake ukabadilika. Sasa fikirini jinsi jibu hilo lilivyosikika. Nikaharakisha kueleza kwamba polisi wa kwetu, Tanzania, imewekwa tu, si yangu, ni ya babu, na babu amefariki, si kwa bunduki, kwa shinikizo la damu. Kila neno nililoongeza liliharibu lililotangulia. Nikawekwa kando. Abiria wenzangu wakapita mmoja mmoja wakinitazama kama mgonjwa. Mama Béa akakataa kupita. Akakaa juu ya furushi lake, akasema kwa Kifaransa, ambacho hakuna aliyekijua pale, kwamba, kama alivyonieleza baadaye, hatoki bila dada yake.

Akaitwa mkubwa wao, bwana mmoja mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alichukua ile karatasi ya penseli, akavaa miwani, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Umeitoa wapi hii?"

"Nimesugua mwenyewe."

"Marehemu baba mkwe alikuwa nayo moja. Hii hapa," akagonga ule mnara kwa kidole, "ni Ubelgiji. Mji wa Liège. Kila bunduki ya kule ilijaribiwa na serikali kabla ya kuuzwa, ikapigwa muhuri. Na hii ya mtambo," akachukua karatasi ya pili, taji juu ya fimbo mbili zilizopishana, "hii ni Birmingham, Uingereza." Akaangalia karatasi ya kwanza tena, kisha ya pili. "Mama, una uhakika hizi ni za bunduki moja?"

Nikamwambia nina uhakika, niliona kwa macho yangu.

"Basi hiyo ni kitu cha ajabu," akasema, akanirudishia vyote vimekunjwa vizuri kuliko nilivyovikunja. "Mtafute mtu anayejua kuliko mimi."

Nilipanda basi, karatasi zile mbili nikazilaza magotini kando kwa kando. Bunduki moja yenye miji miwili! Nilimweleza Mama Béa mpaka akaniomba nimwache alale.

Mayfair, kwa Bakari

Johannesburg tuliingia asubuhi. Nilimkabidhi Mama Béa kwa binti yake stendi, tukalia wote watatu na mtoto mchanga wa nne, nikapokelewa na Bakari. Bakari ni wa Tanga, ndugu wa jirani yangu, anatengeneza simu karibu na msikiti mmoja wa Mayfair, mtaa ambao ukifumba macho utadhani uko Kariakoo na Mogadishu kwa pamoja. Mkewe alinipikia wali wa nazi. Binti yao alinisikiliza Kiswahili changu chote kwa adabu, akaelewa kila kitu, akajibu, "Sharp, aunty," yaani sawa, shangazi.

Bakari alipoona picha alishika kichwa.

"Eish! Dada Zuhura, mtu anakuja Joni kununua friji. Wewe umekuja kuulizia bunduki?"

"Simtafuti wa kuniuzia. Namtafuta anayejua."

"Hapa mtaani hayo maneno mawili yana mlango mmoja. Niachie mimi niulize, wewe tabasamu tu."

Mjini, duka la nywele

Chini ya jina la Hadlow & Creese kuna jina la mtaa, kwa herufi ndogo. Tulianza hapo. Tulishuka kwenye robot ya pili, yaani taa za barabarani, ndivyo wanavyoziita, tukahesabu majengo. Lilipokuwa duka la bunduki sasa wanauza nywele za kusuka, kuanzia sakafuni hadi darini, nyekundu, zambarau na rangi ya dhahabu. Kijana wa Kihabeshi aliyekuwa akiuza alinitazama kichwani kwa huruma akanishauri nichukue nyeusi.

Nilitoka nje nimenyong'onyea. Bakari akaniambia, "Inua macho." Juu kabisa, chini ya tabaka za rangi, ukuta ulikuwa bado unaonyesha kivuli cha maandishi: & CREESE.

Nikapiga kelele. Watu wakageuka. Mlinzi wa jengo, mzee wa Kimalawi, akaja kuona nani ameumia, na tulipomwonyesha ukuta akacheka. Alikuwepo duka lilipofungwa, akasema. Aliona vifaa vya karakana vikipakiwa kwenye gari. Vilinunuliwa na Kaburu mmoja wa Jeppestown, aliyewahi kuwa fundi hapo hapo.

Jeppestown

Jeppestown ni karakana juu ya karakana: wanaochomea mageti, wanaonyoosha bodi za magari, mabweni ya wafanyakazi na nguo zimeanikwa madirishani. Harufu ya chuma kilichokatwa ilinikumbusha chumba cha ufundi shuleni kwetu, nikajihisi niko nyumbani. Kosa langu. Nilisahau kutabasamu tu, nikauliza kwa sauti kwenye spaza, kiduka cha pembeni, tulipokuwa tunanunua soda:

"Samahani, fundi wa bunduki anapatikana wapi?"

Mama aliyekuwa ananunua mkate akauacha mkate. Kijana mmoja akanisogelea, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaninong'oneza kwamba anayo moja safi, lakini nije peke yangu.

"Hapana, hapana, baba," Bakari akanivuta mkono, "huyu ni mwalimu!"

"Hata walimu wananunua," kijana akajibu kwa upole.

Tulitembea haraka bila kukimbia, kama Bakari alivyoniamuru, tukaingia mlango wa kwanza wenye kibao cha mfua kufuli. Huyo mfua kufuli alicheka mpaka akaketi, kisha akatuelekeza mlango wa chuma mtaa wa nyuma. "Mumwite Tannie Rika. Mpige hodi kwa nguvu, hasikii vizuri."

Tannie, nilikuja kujua baadaye, maana yake ni kama shangazi kwa lugha yao. Nilitegemea mwanamume, nawaambieni. Aliyefungua alikuwa mama wa makamo, mrefu kama mlingoti, aproni ya ngozi, glasi ya kukuzia imefungwa kwenye paji la uso. Kaburu wa Jeppestown alikuwa baba yake. Amekufa, yeye akabaki na karakana.

Alisoma karatasi zangu amesimama, huku nikimweleza habari ya babu na maneno ya mitaani. Kisha akavuta kiti. Kisha akatuvutia na sisi viti.

"Nani amekwambia babu yako aliiba?"

"Watu. Kwa sababu ya jina."

"Jina!" Akapiga meza. "Jina ni la muuza duka. Bwana Hadlow hajawahi kutengeneza hata msumari."

Akanieleza, na mimi nawaeleza ninyi. Bunduki za namna ile hazikutengenezwa na mtu mmoja. Kule Birmingham na kule Liège kulikuwa na mitaa mizima ya mafundi wa nyumbani. Huyu anatengeneza mitutu tu. Yule anachonga mtambo tu. Kuna wa vitako, kuna wa kuchora maua kwenye chuma, na kipande kinabebwa kwenye kapu kutoka mlango hadi mlango mpaka kikamilike. Halafu mfanyabiashara wa mbali, wa Johannesburg au wa Bombay, anaagiza, na anaomba jina la duka lake liandikwe juu. Walioifanya kazi wanabaki kuwa herufi mbili tatu zilizogongwa chini, mahali pasipoonekana.

Nikacheka peke yangu. "Bakari, ni kama khanga!"

"Khanga?"

"Khanga za zamani ziliandikwa pindoni 'mali ya fulani bin fulani'. Huyo ni muuzaji. Nani aliwahi kumwambia mama yako amevaa khanga ya wizi?"

Bakari naye akacheka. Kwetu kila mtu anasoma pindo la khanga na kujua maana yake. Jina lile lile la muuzaji likiandikwa kwenye chuma, tukamwita mzee mwizi.

Lakini Tannie Rika hakucheka. Alikuwa anaangalia namba. "Jina halithibitishi kwamba aliiba," akasema, "wala halithibitishi kwamba hakuiba. Mitutu ni ya Ubelgiji, ina namba yake. Mtambo ni wa Uingereza, una namba nyingine. Hizi ni bunduki mbili zilizokufa."

Akatupeleka nyuma. Kulikuwa na pipa limejaa mitutu isiyo na mitambo, na sanduku la mitambo isiyo na mitutu. Kila duka lilikuwa na pipa kama hilo, akasema. Kwa Hadlow, baba yake alikojifunzia, wafanyakazi walipewa mitutu mibovu waende nayo. Walifanya bomba la moshi la jiko, nguzo za uzio, chochote. Ilihesabiwa chuma chakavu.

"Kwa hiyo babu alipewa!"

"Taratibu, Mwalimu. Labda alipewa vipande. Labda mtu mwingine aliviunga, ikawa bunduki nzima, kisha babu yako akaichukua. Inategemea iliungwaje." Akachukua mtutu mmoja na mtambo mmoja, akajaribu kuvikutanisha. Pengo lilipitisha mwanga. "Vipande vya bunduki mbili havikubaliani. Kama ya kwenu imefungwa kwa waya na mpira, ni kazi ya ovyo, haituambii kitu. Kama imekaa sawasawa, kuna mtu aliisugua kwa tupa wiki kwa wiki. Hakuna duka linalofanya hivyo, kununua mpya ni rahisi. Anafanya hivyo mtu kwa ajili yake mwenyewe."

"Tutajuaje imekaa vipi?"

Akaninyooshea kitaa kidogo cha mafuta kutoka kwenye rafu, kilichotoka kwa Hadlow pamoja na vifaa vingine. "Kwa moshi," akasema.

Kibatari

Tulipiga simu ya video kituoni Muheza. Mtandao ukakata. Tukapiga tena, tukaona dari. Tukapiga tena, tukamwona Afande Mbwana, na nyuma yake, kwenye benchi la walalamikaji, Shangazi Mwanaidi na mkoba wake magotini. Tangu niondoke alikuwa akija kila siku kuuliza kama nimefika.

Nikamweleza Afande kazi yenyewe. Awashe kibatari. Aitoe mitutu, ashike ule upande wa nyuma wenye matundu mawili juu ya moshi, si juu ya moto, mpaka uwe mweusi. Airudishe, afunge bunduki taratibu, afungue. Chuma kinapogusana na chuma, masizi yatahamia upande wa pili. Yakihamia madoa madoa, haikukaa. Yakihamia kote, imekaa.

"Mwalimu," Afande akasema, "mimi nimefundishwa kusafisha silaha. Kuichafua sijafundishwa."

"Fanya, mwanangu," sauti ya Shangazi ikasikika. "Nitaifuta mwenyewe."

Kibatari kikaletwa kutoka kwa mama ntilie wa jirani. Afande akaegesha simu kwenye kikombe. Tukaona mikono yake, moto mdogo, moshi unapanda, chuma kinashuka kuupokea.

"Hivyo!" Shangazi akapiga ukelele. Simu ikaanguka, tukaona dari tena. "Hivyo hivyo! Ndivyo alivyokuwa akifanya!"

"Nani, Shangazi?"

"Baba! Uani, jioni, baada ya kula. Anaishika juu ya kibatari, anaifunga, anaifungua, anatazama. Halafu anaikwangua. Kwirikwiri, kwirikwiri, mpaka tunasinzia. Kesho tena."

Nikamtafsiria Tannie Rika. Akavua glasi yake ya kukuzia.

"Muulize alikuwa akiikwangua kwa kitu gani."

"Kwa tupa," akajibu Shangazi. "Tupa ndogo, ya mpini wa gunzi la hindi. Mama alitukataza kusogea. Alisema baba anaifukiza bunduki, anaitia dawa, mwenye mali asiifuate."

Pale karakana Bakari aliinamisha kichwa. Ninyi mmekulia kwetu, mnaelewa. Mtu akishika kitu juu ya moshi jioni jioni, kwetu ana shughuli moja tu. Bibi aliona masizi akaona uganga, akawaambia watoto, watoto wakawaambia watoto wa jirani, na waliosoma jina la Mzungu wakapata ushahidi wa pili.

"Shangazi," nikasema, "hakuna aliyemuuliza anafanya nini?"

"Baba?" Akanishangaa. "Nani angemuuliza baba?"

Afande akafunga bunduki. Akafungua. Akasogeza simu karibu mpaka picha ikajaa chuma. Uso wa mtambo, ambao hakuna aliyeupitisha kwenye moshi, ulikuwa mweusi wote, kutoka ukingo hadi ukingo, bila doa lililoachwa.

"Ag, nee," Tannie Rika akashangaa kwa lugha yao, kwa sauti ndogo. Akaomba Afande aisogeze simu kushoto, kulia, kushoto tena. "Kwenye karatasi za serikali ya wakati ule, mtu mweusi kama babu yako asingeruhusiwa kushika tupa kwa Hadlow. Kwenye karatasi angekuwa mfagiaji tu. Baba yangu alinifundisha miaka minne ndipo nikaweza hivi." Akanigeukia. "Sikuwepo, Mwalimu, siwezi kukuapia nani alimpa vipande. Lakini mwizi anachukua bunduki nzima. Huyu alibeba vyuma chakavu, na bunduki ikazaliwa uani kwenu. Mwambie mama huyo alichokiona hakikuwa dawa. Aliona kazi."

Nikamwambia. Hakulia, kama mnavyodhani. Aliuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akamtaka Afande amwombee maji ya kunywa.

Kurudi

Safari ya kurudi ilikuwa nzuri, basi halikufa hata mara moja, nami sikuona chochote nje kwa sababu niliirudia ile video mpaka simu ikazima.

Nilipofika, tulikwenda na Shangazi kituoni, na kijana mmoja wa makumbusho akaja na karatasi yao. Afande Mbwana akamwekea bunduki mezani, tupu, imefungwa. Maisha yake yote alikuwa hajaigusa. Alivua miwani, akapitisha ukucha wa kidole gumba mahali mitutu inapokutana na mtambo, polepole, upande huu na upande ule.

"Kiungo kiko wapi?" akauliza. "Mbona sikipati?"

"Hapo hapo unapopita, Shangazi."

Akarudia tena. Ukucha haukukwama popote. Akacheka, kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, cha msichana, mpaka askari waliokuwa nje wakachungulia. Kisha akaomba wino, akatia dole gumba kwenye karatasi ya watu wa makumbusho, akaisukuma mbele ya yule kijana wao.

"Andika kwamba imeundwa na Salehe wa Muheza," akamwambia. "Hao Wazungu waweke chini, kwa herufi ndogo."